Jozi Elfu Themanini na Nne

Siku Feliciana Mgaya alipoingia dukani kwetu nilidhani anatafuta fenibelti, na kweli alikuwa anatafuta fenibelti. Gari la hospitali lilikuwa limekatika mkanda pale Makambako, jirani na njia panda ya kwenda Songea, likiwa limebeba maboksi ya dawa. Dereva alibaki na gari, yeye akaja dukani kwa miguu. Alivaa sweta la kijivu na viatu vyenye matope mekundu ya Njombe.

Duka ni la dada yangu Safina. Tunauza spea za malori. Safina akamuuliza aina ya gari na mwaka, akaandika kwenye kompyuta. Skrini ikaleta namba ya mkanda na rafu ulipo, na chini yake maneno mekundu: "Usifunge na puli ya zamani. Utakatika tena."

Safina alimwekea mkanda mezani, lakini mgeni hakuugusa. Alikuwa ameinama juu ya kaunta, anasoma yale maneno mekundu.

"Nani ametengeneza hii?"

"Huyo hapo, mdogo wangu Zubeiri," Safina akasema. "Alisomea kompyuta Mbeya, akarudi kunisumbua mimi."

Mgeni akanigeukia. "Kaka Zubeiri, hii inajua kwamba kitu kizuri kikikutana na kitu kingine kizuri vinaweza kuharibu gari?"

"Inajua nilichoiambia," nikajibu. "Kifaa kinafaa wapi, hakifai wapi, kisifungwe pamoja na kipi."

"Ungeweza kufanya hivyo kwa vitu vinavyoingia mwilini mwa mtu?"

Nilicheka kidogo, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, akanisimulia.

Alikuwa mfamasia wa hospitali moja ya misheni mjini Njombe, kazini mwaka wa kumi na nne. Zahanati za milimani hazina mfamasia. Nyingi zina tabibu mmoja na muuguzi mmoja, na watu hao wakikutana na mgonjwa anayetumia dawa wasiyoijua, humpigia simu yeye. Si kazi aliyopangiwa na mtu. Ilianza kwa simu moja, namba yake ikasambaa.

Jumapili moja alikuwa kanisani, simu imezimwa, anaimba kwaya. Alipoiwasha alikuta amepigiwa mara kumi na moja, zote kutoka kwa Odilo, tabibu wa zahanati moja nyuma ya Iwawa, huko Makete. Odilo alikuwa amepokea binti aitwaye Pendo, miaka ishirini na minne, anayeharisha damu. Pendo alikuwa amewekewa vali ya bandia kwenye moyo huko Dar es Salaam, na kila siku alimeza warfarini, dawa inayozuia damu isigande kwenye ile vali. Odilo alitaka kumpa metronidazoli kwa ajili ya tumbo. Alihisi kuna jambo la kuuliza, hakujua ni lipi. Simu ya kumi na moja ilipokosa jibu, akampa.

"Hizo mbili zikikutana?" nikauliza.

"Ya tumbo inazuia ini lisiiondoe ile ya damu. Warfarini inabaki mwilini, inazidi nguvu. Siku ya nne Pendo alikuwa anatoka damu kwenye fizi, puani, kila mahali. Waliteremka naye Njombe kwa pikapu ya viazi."

"Alipona?"

"Alipona. Kwa chupa tano za damu na kwa neema ya Mungu." Akausogeza mkanda kando. "Odilo hakukosea, Zubeiri. Aliuliza mara kumi na moja. Aliyekosekana ni mimi. Mimi ni mtu mmoja, nalala, naugua, naimba kwaya. Haiwezekani uhai wa watu wa milima yote ile ukae kwenye simu yangu."

Akalipia mkanda, akaandika namba yake nyuma ya risiti. Nilimwambia nitafikiria. Lakini kabla gari la hospitali halijawashwa nilikuwa nimeshaamua, na sikuwa na habari hata kidogo ya kile nilichokuwa nakiingia.

*

Tulianza Jumamosi iliyofuata nyumbani kwake Mjimwema, Njombe. Nilipanda gari asubuhi na kompyuta mgongoni, nikamkuta ameandaa meza, jiko la mkaa miguuni kwa ajili ya baridi, na vitabu vinene vimepangwa ukutani kama matofali.

Swali langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Kabla ya kujenga kanzidata lazima ujue kitu unachokihifadhi ni kitu gani, kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Nikamuuliza, "Dada Feliciana, dawa ni nini?"

"Unanitania."

"Sikutanii. Kwangu spea moja ina namba moja. Dawa moja ni ipi? Ni boksi? Ni kidonge?"

Alienda kabatini, akaleta maboksi sita yenye rangi sita na majina sita, akayamwaga mezani. "Hii ni dawa moja," akasema. Kisha akaleta chupa mbili zenye majina yanayofanana isipokuwa herufi mbili. "Na hizi ni dawa mbili. Moja inatuliza, nyingine inaweza kuua mtoto mchanga."

Hapo nikaanza kumwelewa. Siku nzima hatukuandika mstari hata mmoja wa programu. Alinieleza, nami nikachora visanduku kwenye karatasi: jina lenyewe la dawa, majina ya sokoni, kipimo kwa uzito, figo mbovu, ini bovu, mimba, kunyonyesha. Kila nilipodhani tumemaliza, aliongeza kisanduku.

Orodha ya dawa zinazoweza kumfikia mgonjwa katika mkoa wetu, kuanzia za zahanati hadi zile ambazo watu hurudi nazo kutoka hospitali kubwa, ilifika mia nne na kumi na mbili. Nikafarijika. Safina ana spea zaidi ya elfu tisa.

"Ila hatari haimo kwenye dawa," nikasema, nikifikiri kwa sauti. "Iko kati ya dawa na dawa. Kwa hiyo jedwali kubwa liwe la jozi."

Nikapiga hesabu. Mia nne na kumi na mbili, kila moja ikutane na kila nyingine mara moja. Nikairudia, nikidhani nimekosea. Kisha nikamgeuzia skrini.

Elfu themanini na nne, mia sita sitini na sita.

Alivua miwani. Nje watoto wa jirani walikuwa wanafukuza kuku.

"Na hapo ni mbili mbili tu," akasema taratibu. "Nina bibi mmoja anameza tisa."

"Zote hizi zinakutana ndani ya watu?"

"Zinakutana. Nyingi zinapita zikisalimiana tu. Nyingine zinasaidiana. Chache zinapigana, na mtu ndiye uwanja." Akaivaa tena miwani. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sikuwahi kuuona ukubwa wake. Nilikuwa nauona mti mmoja mmoja."

Tulifanya kazi hiyo miezi saba. Yeye alisoma kutoka vitabuni na kwenye miongozo ya wizara, nami niliandika. Mfamasia mwenzake na daktari mmoja wa hospitali walisoma kila mstari baada yetu, na hakuna uliowekwa bila wote wawili kuukubali. Hatukujaza jozi zote, hakuna duniani anayeweza. Tulianza na zinazoua, tukafuata zinazolemaza, kisha zile zinazoifanya dawa isifanye kazi. Penye giza tuliandika waziwazi: "Hakuna taarifa. Uliza kabla ya kutoa."

Mimi ni mtu wa malori. Sikuwa najua kwamba ini ni karakana, kwamba dawa ya kifua kikuu inaliamsha ini hilo lichape kazi mpaka litupe nje dawa nyingine kabla hazijasaidia. Sikujua kwamba kidonge cha kuongeza damu kinaweza kukishika kidonge kingine tumboni na kukizuia kisipite. Nilianza kuwatazama watu kwa namna nyingine. Safina akimeza kidonge chake cha presha baada ya futari, namwangalia koo linavyopanda na kushuka, nawaza: kinaelekea wapi sasa, kinakutana na nani?

"Mbona unanitazama hivyo?" akaniuliza siku moja.

"Subhanallah," nikamjibu. "Basi tu."

*

Mwezi wa tano wa kazi, Feliciana akasema vitabu havitoshi. "Vitabu hivi viliandikwa na watu ambao hawajawahi kumtibu Mbena wa huku kwetu." Akanipeleka Mdandu kwa tabibu mstaafu aitwaye Yoramu.

Tulimkuta shambani anachimba viazi. Hakuacha jembe.

"Kamwene, baba," Feliciana akamsalimu.

"Kamwene. Nimesikia mnaiweka dawa kwenye kompyuta."

"Ndiyo, baba. Tumesikia una madaftari."

"Madaftari ninayo. Wamekuja watu wa utafiti mara mbili, wakayataka, wakaniahidi kuyarudisha. Yale ya kwanza hayakurudi." Akachimba mashimo mawili mengine. Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe kijana wa kompyuta. Mgonjwa nikimpa metronidazoli namwuliza nini kwanza?"

Hilo nililijua, nikajivuna. "Kama anakunywa pombe."

"Anasema hapana. Unampa. Jioni analetwa anatapika, moyo unamwenda mbio, uso mwekundu. Kwa nini?"

Nikakisia kwamba kipimo kimezidi. Akatikisa kichwa.

"Kwa sababu alikunywa ulanzi, na kwake ulanzi si pombe. Ni maji ya mianzi. Asubuhi ni mtamu, hata mtoto anapewa, ukikaa, umeshachacha." Akaangua kicheko kifupi. "Ukiuliza kwa lugha ya kitabu, unajibiwa kwa lugha ya kitabu. Niliwaona kumi na saba kabla sijajifunza kuuliza."

Ndipo akatupeleka ndani. Madaftari yalikuwa ishirini na mawili, ya jalada gumu, yamewekwa ndani ya debe la mafuta ili panya wasiyafikie. Miaka thelathini na moja ya kazi. Kila mgonjwa ambaye dawa ilimfanyia kitu kisichotarajiwa alikuwa na mstari wake: tarehe, umri, dawa, alikula nini, alitumia mizizi gani ya kienyeji, kilichotokea, na mwishoni neno moja: "kapona", "kahama", "kafa". Hakuwahi kuagizwa. Hakuna fomu ya serikali iliyomtaka aandike.

Feliciana alifungua la kwanza, akasoma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akavuta kigoda, akakaa.

"Baba, uliandika haya kwa ajili ya nani?"

Mzee alifikiri. "Nilikuwa peke yangu pale zahanati. Nilidhani nikiandika, safari nyingine sitakuwa peke yangu."

Hatukuyachukua. Tulikaa Mdandu siku nne, nikapiga picha kurasa zote, kila daftari likarudi ndani ya debe mbele ya macho yake. Yale yaliyolingana na vitabu yaliingia kama ushahidi wa kwetu, na yasiyojulikana yakaingia chini ya kichwa cha pekee: "Yameonekana hapa. Hayajathibitishwa." Na kwenye kila dawa inayogombana na pombe, mfumo ulianza kumwambia tabibu: "Mwulize pia kuhusu ulanzi. Usiseme pombe."

*

Tulifungua kazi mwezi wa kwanza, kwa zahanati thelathini na moja. Mfumo wote ulikaa ndani ya simu ya tabibu, kwa sababu milimani mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu. Simu ikifika penye mtandao, maswali yaliyoulizwa yalikuja Njombe, bila jina la mgonjwa, ili tujue kinachotafutwa na kinachokosekana.

Kisha mvua zikashika. Barabara ya Makete ikawa tope. Na simu ya Feliciana, iliyokuwa ikilia tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka, ikanyamaza.

Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya pili akanipigia. "Zubeiri, hakuna anayeutumia. Wameuacha."

"Labda hawana mtandao."

"Au hawauamini. Au wameanza kukisia."

Alinitia hofu na mimi. Niliwaza juu ya kazi ile yote ikiwa imelala kwenye simu thelathini na moja. Wiki ya tatu jua likatoka, nikaenda Njombe kuangalia kama nimekosea kitu. Tulikuwa tumekaa ofisini kwake, saa nne asubuhi, kompyuta imewashwa, wakati maswali yalipoanza kuingia.

Yaliingia kumi, yakaingia arobaini. Kisha skrini ikawa inakimbia yenyewe. Mafundi wa mnara wa simu uliozimwa na radi walikuwa wameuwasha, na matabibu wa milimani, mmoja baada ya mwingine, simu zao zilikuwa zinatua mizigo. Ilipotulia yalikuwa maswali elfu moja mia moja na tisini.

Feliciana alianza kusoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma majina kanisani. Mama mjamzito, kifafa, malaria. Mzee, figo, maumivu ya goti. Mtoto wa kilo saba. Kila mstari ulikuwa mtu aliyekaa mbele ya meza fulani huku mvua inapiga bati, akisubiri tabibu aangalie. Kila mstari ulikuwa na jibu lililotolewa. Na sisi tulikuwa tumelala, tumekula, tumelalamika kwamba kimya kimezidi.

Akasimama kwenye mstari mmoja. "Hii nini?"

Ilitoka kwa Odilo. Alikuwa ameingiza jentamaisini, sindano ya kawaida ya maambukizi, pamoja na piridostigimini. Jibu lilikuwa jekundu: "Simama. Mwulize anatumia hii kwa ugonjwa gani. Kama ni ugonjwa wa misuli kulegea, usimpe jentamaisini. Inaweza kuzima misuli ya kupumua." Chini yake dawa mbadala.

"Sijawahi kumwona mgonjwa wa hii," Feliciana akasema. "Miaka kumi na minne, hata mmoja. Sikumbuki hata tuliuandika lini."

Akampigia Odilo. Safari hii yeye ndiye aliyepiga. Akaweka sauti kubwa ili nisikie.

"Ni mwalimu, dada," Odilo akasema. "Mwalimu Jane, anafundisha darasa la tatu. Alikuja na homa na maumivu ya ubavu, figo zimeingiwa na maambukizi. Sindano nilikuwa nimeshaivuta kwenye bomba. Nimeishika mkononi. Nikaona kwenye mkoba wake kuna kidonge nisichokijua, nikasema ngoja niangalie."

"Ikawaje?"

"Nikaiweka chini." Tukamsikia anavuta pumzi. "Nikampa ile nyingine, sefutriaksoni. Amesharudi darasani. Dada, barabara ilikuwa imefungwa siku sita. Angeishiwa pumzi hapa mikononi mwangu nisingejua ni kwa nini. Ningeandika homa ya mapafu."

Feliciana alikata simu, akaenda dirishani. Alisimama pale akitazama akina mama wanaoanika nguo kwenye uzio wa wodi. Mimi nilibaki na ule mstari. Nilitafuta rekodi yake: uliingizwa Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeuandika bila kujua ugonjwa wenyewe ni upi.

*

Mwezi wa sita Mwalimu Jane alikuja Njombe kuchukua dawa zake, akaomba kutuona. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya pole. Alitueleza jinsi kope zake zinavyoanguka mchana, sauti inavyoisha katikati ya somo, wanafunzi wakidhani mwalimu anasinzia. Alihangaika miaka sita kabla ugonjwa haujapewa jina Dar es Salaam. Kijijini walisema amerogwa.

"Naomba niuone huo mstari," akasema.

Nikamwonyesha. Aliusoma mara mbili, kidole chake kikifuata maneno kama anavyofundisha watoto.

"Kuna mwingine hapa kwetu mwenye ugonjwa huu?"

Nilimtazama Feliciana, akaitikia kwa kichwa. Nikatafuta maswali yote yenye dawa ile. Yalitoka sehemu tatu: kwa Odilo, kituo kimoja cha Wanging'ombe, na kingine Makambako kwetu.

"Kumbe tuko watatu," Jane akasema. Akarudia kama hajaamini. "Watatu."

"Majina hatuna," Feliciana akamwambia, "na tungekuwa nayo nisingekupa. Ila naweza kuwaomba matabibu wawaulize kama wangependa kuonana nawe."

Wote wawili walikubali. Walikutana mwezi wa saba katika chumba cha mikutano cha hospitali, asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndipo nguvu zao zipo. Mmoja alikuwa Steven, mpasua mbao aliyelazimika kuacha msumeno. Wa pili alipoingia nilishtuka. Alikuwa Maua, muuza vitenge, jirani yetu Makambako, kibanda chake hakifiki hatua mia mbili kutoka kwa Safina. Miaka yote tulimwona na miwani myeusi, jua na mvua, tukadhani ni maringo.

"Zubeiri!" akasema. "Na wewe unaumwa?"

"Hapana, dada Maua. Mimi ni wa kompyuta."

Akaketi mkabala na Jane. Kisha Maua akavua miwani, akaiweka mezani.

"Kope yako inaanguka saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane," Jane akajibu.

"Yangu haifiki huko. Saa saba na nusu nimeshafunga duka."

"Mimi ya kushoto inaanza," Steven akasema kutoka pembeni, na wote watatu wakaanza kuongea kwa pamoja, haraka haraka, kama watu waliokuwa wakisubiri basi moja kwa miaka mingi. Feliciana akanigusa bega. Tukatoka, tukaufunga mlango taratibu.